Koleo Likivunjika: Hotuba kwa Wenye Biashara Ndogo

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, dada na kaka zangu mnaoendesha biashara ndogo, nawasalimu kwa heshima zote, na nashukuru kwa kualikwa.

Mada niliyopewa ni namna mtu anavyoweza kulipata kusudi la maisha yake katikati ya misukosuko ya biashara. Ni mada nzuri, lakini ina hatari yake. Ni rahisi mno kusimama hapa mbele na kumwambia mtu ambaye mtaji wake umekatika kwamba hasara yake ni baraka iliyojificha. Sitasema hivyo. Hasara inauma. Inakunyima usingizi, inakufanya uogope simu ikilia, inakufanya upite njia ya nyuma usije ukakutana na anayekudai. Mwenye maumivu hayo anastahili kusikilizwa kwanza kabla hajahubiriwa.

Tena hayuko peke yake. Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani imekuwa ikifuatilia biashara mpya tangu miaka ya 1990, na picha haibadiliki sana mwaka hadi mwaka: katika kila biashara tano zinazofunguliwa, moja hivi hufungwa kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza, na hadi kufika mwaka wa tano karibu nusu zimeshafungwa. Hiyo ni nchi yenye benki kila kona na umeme usiokatika ovyo. Nawatajia takwimu hizo ili yule aliyewahi kufunga asijione ana mkosi au amelogwa. Kufunga biashara ni sehemu ya kawaida ya kazi hii, ingawa tunaificha.

Sasa niseme neno langu. Msukosuko unapokuja, unakuondolea vitu. Unaondoa fedha, unaondoa sifa, unaondoa hata baadhi ya watu waliokuwa karibu nawe mambo yalipokuwa mazuri. Unabaki na kazi yenyewe, na wale wachache unaowafanyia kazi hiyo. Kile ambacho mikono yako inaendelea kukifanya baada ya hayo yote kuondoka, na wale ambao bado unawafikiria unapokifanya, hapo ndipo penye fununu ya kusudi lako. Mtu akikaa kwenye kiti na kuanza kulitafuta kichwani kabla hajaanza kazi, mara nyingi hupata maneno mazuri ya kubandika ukutani.

Lakini kabla ya kufika huko kuna hatua moja ambayo wengi wanairuka, nayo ni hesabu. Tunapenda kusema kila jambo lina makusudi yake. Mimi ni mtu wa imani, siwezi kulibeza neno hilo. Hata hivyo hasara nyingi zina chanzo kinachoonekana kwa macho, na mtu anayekimbilia kutafuta maana kabla ya kutafuta chanzo ataipata hasara ileile mwaka ujao, akiwa na maana yake mkononi.

Biashara ndogo nyingi hufa zikiwa na faida. Fuateni jinsi inavyotokea. Unanunua mzigo kwa fedha taslimu. Unauza kwa mkopo, kwa sababu mteja ni mkubwa na unaogopa kumpoteza. Kwenye daftari umeandika faida, na faida hiyo ni ya kweli. Ila mteja atalipa baada ya miezi mitatu, wakati mwenye nyumba anataka kodi ya pango mwisho wa mwezi huu na mafundi wanataka mshahara wao Ijumaa. Droo ni tupu. Unakopa kwa riba ili kuziba pengo, na riba inaila ile faida uliyoiandika. Kinachoshangaza wengi ni kwamba oda zikiongezeka hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu kila oda mpya inataka malighafi mpya, na malighafi hununuliwa leo. Mwenye biashara anaona anakua, kumbe anakabwa. Hapo sasa anaanza kuchota kidogo kidogo kwa matumizi ya nyumbani, na siku akishtuka amekwisha kula mtaji.

Hakuna fumbo hapo. Kuna tarehe za kulipa na tarehe za kulipwa ambazo hazikulingana. Dawa yake ni malipo ya awali, ni kuweka ukomo wa kukopesha, ni kutotegemea mteja mmoja kwa nusu ya mauzo yako, na ni kujilipa mshahara unaojulikana badala ya kuchota. Fanya hayo kwanza.

Viktor Frankl alikuwa daktari wa magonjwa ya akili mjini Vienna. Mwaka 1942 alipelekwa pamoja na familia yake kwenye kambi za Wanazi, na alipokombolewa mwaka 1945, baba yake, mama yake, kaka yake na mkewe walikuwa wamekufa. Siwezi kulinganisha mateso yale na hasara ya biashara. Hayalingani hata kidogo. Namtaja kwa sababu alitumia maisha yake yote yaliyofuata kufundisha juu ya maana ya maisha, na alisisitiza jambo ambalo wengi wanaomtaja huliacha: mateso si sharti la kupata maana. Yakiwa yanaepukika, jambo lenye maana ni kuondoa chanzo chake. Mtu aliyepitia yale aliyoyapitia akatwambia hivyo, basi sisi wa daftari la mauzo hatuna kisingizio cha kuacha kupiga hesabu.

Haya, tuseme hesabu umeshapiga. Umejua fedha zilipopotelea. Unabaki na nini?

Wahenga wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tunalitumia neno hilo kufarijiana, na ni sawa. Lakini limebeba swali zito kuliko faraja: uhunzi wako ni upi? Mwenye karakana iliyofungwa anajua kwamba koleo limevunjika. Asichokijua mara nyingi ni ile kazi ambayo koleo lilikuwa likiitumikia. Jina la biashara, fremu, mashine, hata ile aina ya bidhaa, vyote hivyo ni koleo. Vinaweza kuvunjika na vingine vikanunuliwa.

Nawapa mfano wa mtoto wa mhunzi halisi. Soichiro Honda alizaliwa Japani mwaka 1906, na baba yake alikuwa mhunzi aliyetengeneza pia baiskeli. Biashara iliyomsumbua sana ilikuwa ya kutengeneza ringi za pistoni, vile vipete vya chuma vya ndani ya injini. Zilipokataa kutoka vizuri, akajiandikisha kwenye chuo cha ufundi, mtu mzima mwenye karakana yake, akakaa darasani na vijana ili ajifunze tabia za metali. Hata baada ya hapo, ringi alizopeleka kwa Toyota zilipopimwa, kati ya 50 zilifaulu 3 tu. Akaendelea kujifunza, kiwanda kikatengemaa. Vita vikaja na mabomu, kisha Januari 1945 tetemeko la ardhi likaangusha kile kilichokuwa kimebaki. Akaiuzia Toyota alichonacho na kupumzika kwa muda. Mwaka 1946 akaanza tena kwenye kibanda. Alitafuta injini ndogo zilizobaki jeshini, zile zilizokuwa zikiendesha jenereta za redio za mawasiliano, akazifunga kwenye baiskeli, kwa sababu baada ya vita watu walikuwa wakihangaika na usafiri. Ringi za pistoni zilikwisha habari yake. Kilichobaki ni kile alichokipenda tangu utoto, injini, na sasa kulikuwa na watu mbele yake waliohitaji injini hiyo iwabebe.

Yupo mwingine ambaye habari yake huwa naifikiria zaidi. Milton Hershey alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1857. Baba yake alirukia biashara moja hadi nyingine, familia ikawa ya kuhamahama, na mtoto akaacha shule mapema sana. Akapelekwa kujifunza kutengeneza peremende katika mji wa Lancaster. Mwaka 1876, hata miaka 19 hajatimiza, akafungua biashara yake Philadelphia. Akahangaika nayo miaka sita, ikafa. Akaenda Denver, akaajiriwa na mtu aliyetengeneza karameli. Fikirieni hali yake: jana alikuwa bosi, leo ni kibarua jikoni kwa mtu mwingine. Na ni pale pale jikoni alipoona kwamba karameli iliyopikwa kwa maziwa freshi inakuwa tamu zaidi na inakaa muda mrefu bila kuharibika. Akaufunga ujuzi huo kibindoni. Mwaka 1883 akafungua biashara nyingine New York. Mwaka 1886 ikafa nayo. Akarudi Lancaster mikono mitupu, na baadhi ya ndugu waliokuwa wakimsaidia walikuwa wamechoka naye.

Safari hii, kwa ule ujuzi wa maziwa alioupata akiwa kibarua, biashara ikasimama. Mwaka 1900 aliiuza kampuni ya karameli kwa dola milioni 1, akabaki na chokoleti. Hapo ndipo wasimuliaji wengi huishia: alianguka, akainuka, akatajirika. Kwangu mimi habari yenyewe inaanzia hapo. Yeye na mkewe Catherine hawakujaliwa watoto. Mwaka 1909 walianzisha shule ya watoto yatima, yenye makazi na mafunzo ya kazi za mikono. Catherine akafariki mwaka 1915, na mwaka 1918 Hershey akakabidhi sehemu kubwa ya mali yake kwa amana ya kuiendesha shule hiyo. Shule ipo hadi leo. Mtoto aliyehamishwahamishwa na kukosa shule kwa sababu biashara za baba yake zilikuwa zikifa, alipozeeka aliwapa watoto wengine makazi yasiyohama na shule isiyokatika. Sijui kama yeye mwenyewe angeliweka hivyo. Mimi nikiitazama miaka ile naona mstari mmoja unaopita kutoka kwenye shida zake hadi kwenye ile shule.

Hapa lazima niwe mkweli kwenu. Hershey na Honda tunawajua kwa sababu walifanikiwa. Wapo wengi walioanguka mara nyingi vilevile, wakajifunza vilevile, wakavumilia vilevile, na hakuna aliyeandika habari zao. Uvumilivu hauna mkataba na utajiri. Kwa hiyo kusudi ninalolizungumzia haliwezi kuwa lile linalosubiri mafanikio ili lithibitishwe. Ni lazima liwe na uzito hata kama utabaki na karakana ndogo maisha yako yote. Nasema haya kwa vijana hasa, kwa maana mnasikia hadithi nyingi za wakubwa, kisha mnajipima nazo mnaona hamfai.

Mimi mwenyewe ni fundi wa nguo, na karakana yangu ni ndogo hadi leo. Miaka ya nyuma tulipata oda ya sare kutoka taasisi moja. Ilikuwa kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Kila shati lilitakiwa liwe na nembo yao kifuani, imetariziwa kwa rangi tatu. Masharti yao yalikuwa kulipa baada ya kukabidhiwa, na karatasi zilisainiwa. Tulishona, tukatarizi, tukapiga pasi, tukapanga kwenye mifuko. Siku ya kukabidhi tukaambiwa uongozi umebadilika, nembo imebadilika, na uongozi mpya hauitambui oda ile. Shati lenye nembo ya mtu huwezi kumuuzia mtu mwingine.

Ikabidi tufumue. Wasiojua kazi hii niwaeleze kidogo. Nembo iliyotariziwa kwa mashine haitoki kwa kuvuta uzi. Unalipindua shati, unakata nyuzi za upande wa nyuma kwa wembe, ukiulaza wembe ili usiguse kitambaa. Kisha unaligeuza tena, unang'oa uzi wa juu kwa kibano, kipande kwa kipande. Ukimaliza, vinabaki vitundu vya sindano. Kitambaa cha pamba ukikinyunyizia maji na kukipitishia pasi ya mvuke, vitundu huziba kwa kiasi. Chenye poliesta nyingi kinabaki na alama, na dawa yake ni kushona mfuko juu ya ile alama. Ndivyo tulivyofanya, shati baada ya shati.

Walikuwepo mabinti waliokuwa wakija kuuliza kazi. Nikawaambia ukweli kwamba mshahara sina. Wakasema watafumua, mradi wafundishwe kushona. Niliyekuwa nafanya naye kazi, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, akaanza kuwaelekeza wakati wembe ukiendelea: kwa nini mwelekeo wa nyuzi za kitambaa uangaliwe kabla ya kukata, kwa nini kola hubanwa kwa pini kuanzia katikati ya shingo na siyo pembeni, kwa nini fundi mzuri hukagua upande wa ndani wa nguo kabla ya upande wa nje. Binti mmoja alishona kola yake ya kwanza, ikapinda. Akaifumua bila kuambiwa. Akashona tena ikakaa, akanitazama, na uso ule sijausahau.

Mashati yaliuzwa kwa bei ya kurudisha kitambaa tu. Kwa hesabu za fedha ulikuwa msimu mbaya. Lakini nilijikuta kila siku nasubiri saa za jioni, wanapokusanyika kwenye meza ya kukatia. Nilikuwa nimeshona miaka mingi, na nilidhani nashona kwa ajili ya kupata kipato na kwa kuipenda kazi. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo, fedha ilipoondoka, niliendelea kuamka mapema kwa sababu ya wale mabinti.

Baadaye karakana ilipopata nafuu, tukaletewa kazi ya kushona kwa wingi, mashine zote zifanye kazi mchana na jioni. Nilipiga hesabu, ilikuwa na faida nzuri. Isingebaki hata meza moja ya kufundishia. Nikaikataa, nikachukua kazi nyingine ndogo zaidi. Wapo walioniona sina akili. Nawaambia hili kwa sababu kusudi linaonekana hasa kwenye mambo unayoyakataa. Maneno ya kwenye ukuta hayajawahi kumgharimu mtu hata senti.

Mwanamke anayejulikana kama Madam C. J. Walker alizaliwa Louisiana, Marekani, mwaka 1867, wazazi wake wakiwa wametoka utumwani muda mfupi tu kabla. Alikuwa yatima akiwa na miaka 7, mjane akiwa na miaka 20, akalea mwanawe kwa kufua nguo za watu. Nywele zake zilikuwa zikikatika, na katika kuhangaika na tatizo lake mwenyewe akajenga biashara ya dawa za nywele, iliyowapa kazi ya uwakala maelfu ya wanawake weusi ambao njia nyingine walizoachiwa zilikuwa kufua na kutumika majumbani. Mwaka 1917 aliwakusanya mawakala wake Philadelphia, na akatoa zawadi kwa waliouza sana na pia kwa waliochangia zaidi kusaidia wengine kwao. Biashara yake ilijua inamfanyia nani kazi. Kila mmoja wetu ajiulize leo: nani ataumia biashara yangu ikifungwa kesho, mbali na mimi na wanaonidai? Ukipata jina la mtu, au sura ya mtu, una pa kuanzia. Usipopata, hujafanya kosa lolote. Una kazi ya kwenda kukaa na wateja wako na kuwasikiliza.

Neno juu ya aibu, maana najua wapo humu ndani waliobeba madeni. Dawa ya deni kulipa, wote tunajua. Na pale usipoweza kulipa leo, mwendee anayekudai kabla yeye hajakufuata. Peleka kiasi chochote ulichonacho, sema tarehe unayoweza kuitimiza, na uandike. Wadai wengi wanaweza kuvumilia kulipwa polepole. Wasichoweza kuvumilia ni kumtafutatafuta mtu. Mtu anayejificha hawezi kulifikiria kusudi lolote, akili yake yote iko mlangoni.

Na kwa yule anayejiuliza kama afunge au aendelee: sitakwambia usikate tamaa. Sijui daftari lako. Kama kila mwezi unaoendelea unakula akiba ya watoto, na umeshajaribu kubadilisha bei, bidhaa na masharti ya malipo bila nafuu, kufunga kwa utaratibu ni uamuzi wa heshima. Lipa mafundi kwanza. Waambie wateja kwa mdomo wako mwenyewe. Uza mashine zikiwa bado nzima, usisubiri zishikwe kwa deni. Daftari usilitupe, utalihitaji, hata kama utakachofanya baadaye ni ajira kwa mtu mwingine, kama Hershey kule Denver. Unaweza kuifanya kazi yako ndani ya karakana ya mwenzio kwa miaka kadhaa, na ikawa bado ni kazi yako.

Mwenyekiti ameniomba niache muda wa maswali, na naona mikono imeshanyooshwa. Wenye madaftari yenu, yafungueni ukurasa wa wanaowadai na wale mnaowadai, tupitie kwa mifano halisi. Tuanze na dada pale nyuma, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja kukopesha.